Mlango Uwe Kulia Kwako

Karurumo,
jioni ya kuamkia safari yako

Wawira mwanangu,

Nimefundisha watoto wa watu kuandika barua kwa miaka mingi, na kila muhula niliwakata alama kwa kusahau salamu. Leo mwalimu mwenyewe anaziruka. Nitakusalimia vipi na sauti yako naisikia kutoka jikoni, ukibishana na mama yako kuhusu nduma za shamba letu? Yeye anataka ubebe gunia zima, wewe unasema hata Meru nduma zipo. Utalibeba hilo gunia. Nakuambia mapema usijichoshe.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kumheshimu shangazi yako na ya kutozurura sokoni Gakoromone jua likishazama namwachia mama yako, ambaye ameyasema wiki nzima na bado hajafika katikati. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ule mchoro.

Ulituonyesha juzi tukinywa chai. Gereji ya shangazi yako huko Meru, utakayoifanya karakana yako, yote ilikuwa pale kwenye karatasi: upana, urefu, mahali pa msumeno, mahali pa kulaza mbao, kila taa na kila soketi umeiwekea alama kwa penseli. Mkono safi kabisa. Nilijivuna hadi chai yangu ikapoa. Kisha nikaona ukuta. Umechora ukuta wa mbao unaoikata gereji katikati, mbele meza ya kupokea wateja, nyuma benchi lako. Mama yako alipouliza ukuta ni wa nini, ulimjibu bila kuinua macho.

"Mum, customer akikuja anataka kuona mwanaume. Nitatafuta kijana akae hapo mbele aongee nao. Mimi nitakuwa tu huko nyuma nikipiga kazi."

Labda ulidhani sikusikia. Nilisikia. Hilo benchi la nyuma nalijua, mama. (Naomba univumilie nikikuita mama; mwenye jina la mama yangu nitamwitaje?) Nimesimama hapo miaka mingi, na nataka ujue palivyokuwa kabla hujapigilia ubao wa kwanza wa huo ukuta.

Gereji yetu hii niliijenga kabla ya kuwa na gari, kama wanaume wengi wa huku. Gari lilikuwa bado liko kwa maombi. Nikaiweka kando ya barabara, mlango mkubwa wa chuma ukiwatazama watu wanaotoka kanisani, ili siku ya gari kuingia kila mtu ashuhudie. Dirisha sikuweka hata moja. Gari halisomi gazeti, nilimwambia mama yako, na dirisha ni njia ya mwizi wa betri. Basi gari halikuja. Mama yako akaleta magunia ya mahindi, kuku wakahamia, na mimi nikajitafutia kona ya ndani kabisa, nikafunga mbao ukutani, nikaziita benchi.

Mbao nimezipenda tangu nikiwa mdogo. Lakini nilikuwa Mwalimu. Unajua huku kwetu mwalimu ni nini: shati jeupe, kalamu mfukoni, na kiti cha mbele kwenye kila harambee. Niliona haya mzazi wa mwanafunzi wangu anikute na maranda ya mbao kichwani. Kwa hiyo nilikuwa nikiingia nafunga mlango. Mtu akipiga hodi, mama yako alijibu kutoka shambani, "Mwalimu anasahihisha vitabu!" Hadi siku ile Mama Njeru, jirani yetu ambaye unaujua ulimi wake, aliposimama langoni, akatega sikio, kisha akauliza kwa sauti ya kufika sokoni: "Na hivyo vitabu vyenu siku hizi husahihishwa na nyundo?"

Wewe ulicheka sana nilipokusimulia. Mimi siku hiyo nilikaa gizani nikishika pumzi, mtu mzima, hadi nikasikia hatua zake zikiondoka.

Sasa fikiria mwanga wa huko ndani. Balbu moja, katikati ya paa, nyuma ya mgongo wangu. Kila nilipoinamia kazi nilikuwa naiwekea kivuli changu mwenyewe. Nilichora mstari, nikaufuata kwa msumeno, nikitoka nje nakuta nimeukosa. Kile kigoda cha mama yako cha jikoni, kinachowekewa gunzi la mahindi chini ya mguu mmoja, ni matunda ya balbu hiyo. Nimemwomba mara nyingi nimtengenezee kingine. Anakataa, anasema hicho ndicho kinamkumbusha aliolewa na msomi.

Nikaamua kurekebisha, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilipaka kuta rangi, lakini kwa akili ya shule: juu nyeupe, chini kahawia, kama darasa, ili uchafu usionekane. Darasani ni sawa, watoto wana mikono michafu. Kwenye karakana ile kahawia ilimeza mwanga wote ule wa kimo cha mikono yangu, yaani mahali pekee nilipouhitaji. Halafu nikang'oa bati moja juu ya benchi nikaweka lile la plastiki la kupitisha mwanga. Asubuhi lilinipendeza. Saa sita jua lilishuka wima likanipiga machoni, ubao mweupe ukawa kama kioo, sioni mstari, na vanishi ikakauka kwa haraka ikatoa mapovu. Nikapanda tena juu na gunia, nikalifunika. Mama Njeru akauliza kama Mwalimu sasa anaanika vitabu.

Unaona nilikuwa naizunguka kazi yote, napaka huku, nang'oa kule, ilhali mlango mpana kuliko madirisha yote ya shule yetu ulikuwepo, na nilikuwa nimeufunga kwa komeo.

Ile siku ya msumeno hatujawahi kuizungumza vizuri. Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuoni. Nilikuwa ndani, mlango umefungwa, nasukuma ubao kwenye msumeno wa meza. Taa na mashine vilikuwa kwenye waya mmoja niliouvuta kutoka nyumbani, na huko nyumbani mama yako akawasha pasi. Fyuzi ikakata. Mota ikanyamaza, taa ikazima, lakini ule msumeno haukusimama papo hapo. Uliendelea kuzunguka kwa nguvu zake zilizobaki, ukilia, na mimi nimeshika ubao na sioni ubao wala mkono. Nilichokuwa nacho ni ile sauti tu. Sikujua iko upande gani wa vidole vyangu. Niliogopa, Wawira. Sijawahi kuogopa vile, na sikuthubutu hata kuvuta mkono nyuma, maana sikujua nyuma ni wapi.

Kisha ukavuta mlango kwa nguvu, komeo likang'oka. Mwanga uliingia wote mara moja, nikaona kidole gumba changu na meno ya msumeno, na nafasi iliyokuwa kati yao sitaki kuiandika. Ulitazama mkono wangu. Ukatazama lile komeo. Ukaniuliza polepole, wala hukuwa unanikaripia:

"Sasa baba, hapa ndani unajificha usionwe na nani?"

Nje kulikuwa mchana kweupe, kuku wanaota jua, na mimi nusura nipoteze kidole kwa kukosa kitu nilichokifungia nje mwenyewe.

Kilichofuata ni furaha tupu, na nakiandika kwa sababu sitaki ubebe ile sauti ya msumeno peke yake hadi Meru. Ulinipa likizo yako nzima. Ulisema tusisogeze hata msumari kabla ya kuipanga gereji, na mimi nikaleta chaki zangu. Mwalimu mstaafu na binti yake, tumepiga magoti kwenye sakafu ya simenti, tunachora karakana kwa ukubwa wake halisi. Hapa msumeno, nafasi mbele na nafasi nyuma, maana ubao mrefu huingia upande mmoja na kutokea mwingine. Hapa mbao zilale, karibu na mlango, tusizibebe tukipita katikati ya mashine. Maboksi tukayafanya mashine. Ukabeba ubao mrefu kuliko wote, ukatembea nao ndani ya mistari yangu, ukigeuka hivi na hivi, na kila ulipoangusha boksi tulifuta na kuchora upya. Mama yako alikuja na sufuria ya uji akasimama mlangoni mguu mmoja juu. "Niambieni basi, nikikanyaga hapa nimekatwa ama bado?"

Tukapaka kuta zote nyeupe, hadi chini. Tukaweka taa mbili ndefu zinazofuata urefu wa benchi, zikining'inia juu mbele ya mfanyakazi badala ya nyuma ya mgongo wake. Ukamleta fundi wa stima akatenganisha waya wa taa na waya wa mashine, ili msumeno ukikata fyuzi yake taa ibaki inawaka. Pasi ya mama yako nayo ikaachwa na nyumba yake.

Likabaki benchi. Nilitaka ligeuke lakini libaki kule ndani. Wewe ukataka karibu na mlango. Nikasema mlango unatazama mawio, jua la asubuhi litatuumiza macho, na hapo nilikuwa na sababu nzuri iliyoficha sababu mbaya. Ukasema, basi lisiangalie mlango, liwe ubavu. Nikakumbuka jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote darasani bila kulifikisha nyumbani: mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia huketishwa mwanga umtokee kushoto, ili mkono usiifunike kazi. Nikasimama nikiwa na mlango kushoto kwangu. Ilikuwa vizuri ajabu. Lakini wewe ni wa mkono wa kushoto, tangu darasa la kwanza, na nashukuru kwamba angalau hilo sikujaribu kukubadilisha. Ukasimama hapo kwangu ukasema kivuli kimerudi.

Ndipo ukazunguka benchi ukasimama upande wa pili, ukinitazama mimi. Mlango ukawa kulia kwako. Kivuli kikaondoka.

Tukaliondoa benchi ukutani, tukaliacha lizungukwe. Mimi upande huu, wewe upande ule, mlango mmoja, na mwanga unatutosha wote wawili. Nimepata mambo mazuri maishani. Nimeona wanafunzi wangu wakiwa madaktari. Lakini kama mtu angeniuliza ni lini nilijiona mshindi, ningemwambia ni siku zile, nikiinua macho kutoka kwenye randa na kukuona ng'ambo ya ubao.

Kuonekana haikuwa rahisi. Jumapili ya kwanza baada ya kufungua mlango tuliuacha wazi ili rangi ikauke, na watu wakatoka kanisani. Wote wakaona. Hakuna aliyezimia. Mwanafunzi wangu wa zamani alisalimia akapita. Mama Njeru ndiye aliyeingia, akapapasa benchi, akaangalia taa, akanitazama mimi ambaye nilikuwa natafuta pa kuweka mikono. "Kumbe hapa ndipo vitabu husahihishwa," akasema. "Basi na mimi nisahihishieni meza. Kubwa. Watu wanakuja kuuliza msichana wangu, kuposa."

Meza ile ulijua utaifanyaje kabla hajamaliza kusema. Muuru kwa juu, ule mti wetu wenye mshipa mzuri, na miguu minene isiyotetemeka watu wakianza kujadiliana. Siku ya wageni walipakua mukimo wa viazi na mahindi juu yake, na Mama Njeru akaita wazee wainame waangalie chini, mahali ambapo hakuna mtu huangalia, ili waone hata chini imepigwa randa.

Halafu akaja yule mtu wa Runyenjes na pikapu yake, mwenye hoteli. Nakumbuka hata kofia yake. Alisimama kwenye mlango, akaangalia benchi, akapitisha macho juu ya kichwa chako kana kwamba wewe ni taa, akauliza, "Fundi ako wapi?"

Nikakuonyesha kwa kidole. Akacheka. "Hapana mzee, namaanisha fundi mwenyewe. Huyu si ni msichana wako?"

Ulikuwa umeshika randa, ukaendelea, mkono wa kushoto mbele, na ukanda wa maranda ukatoka mrefu, mwembamba, haukukatika, ukajikunja ukaanguka kwenye kiatu chake. Na Mama Njeru, ambaye hapitwi na jambo, akamwambia kutoka barabarani, "Kwani wewe macho umeacha Runyenjes?"

Aliagiza viti vya hoteli nzima. Nikipita kule huingia nikaagiza chai nisiyoihitaji, ili tu nikalie kiti chetu. Havilii. Havihitaji gunzi la mahindi. Na sikuwahi kukuambia kwamba safari ya mwisho nilimsikia akimwambia mteja, "Hivi vilitengenezwa na fundi mmoja msichana huko Karurumo, si mchezo." Alisema kwa majivuno, utadhani ni yeye aliyekuzaa.

Sasa turudi kwa ukuta wako.

Najua ulikotoka. Ukanda ule wa maranda ulimjibu mtu mmoja, lakini umeulizwa swali hilo chuoni, ukaulizwa dukani ukinunua misumari, ukaulizwa na huyo aliyekuajiri mwaka jana na kukupa kazi ya kupaka vanishi. Siwezi kukuambia watu wa Meru hawatauliza. Watauliza siku ya kwanza. Sijawahi kuulizwa fundi ako wapi nikiwa na randa mkononi, kwa hiyo sitajifanya najua linavyochoma. Mimi nilijificha kwa sababu ya heshima niliyokuwa nayo. Wewe unataka kujificha kwa sababu ya heshima waliyokunyima. Si kitu kimoja, na lako ni zito kuliko langu.

Lakini nimeingia gereji ya shangazi yako, nikaipima kwa hatua huku yeye akidhani natafuta choo. Mlango wake unatazama kaskazini. Jua halitakuchoma asubuhi wala jioni. Utapata mwanga mtulivu kutwa nzima, wa aina ambayo mimi sijawahi kuwa nao. Ukisimamisha ule ukuta, mwanga huo wote ataukalia huyo kijana wako wa kupokea wateja, na wewe utabaki na taa. Stima ya Meru ikipotea, na itapotea, yeye ataendelea kuona simu yake, na wewe utasimama nyuma ya mbao ukisikiliza msumeno ukizunguka gizani.

Hilo siliwezi, Wawira. Mengine yote nayaweza. Naweza kukuona ukishindwa, ukirudi, ukianza tena. Kukufikiria ukiwa umesimama mahali niliposimama, mkono wako huo wa kushoto karibu na sauti ile, na hakuna mtu wa kuvuta mlango, hilo siliwezi.

Benchi lako jipya liko tayari. Nimelikaza skrubu zote leo mchana na nimelifunga kamba kwa ajili ya pikapu ya asubuhi. Ukilifungua utaona kwamba jiliwa, lile la kubana ubao, nimelifunga upande wa mkono wako, si wa mkono wa dunia. Hili letu la zamani linabaki hapa. Nitaendelea kusimama upande wangu, mlango ukiwa wazi, na upande wako sitaweka kitu. Usinionee huruma, nina maagizo hadi Disemba, na Mama Njeru anataka kabati.

Mchoro wako nimeurudisha kwenye bahasha hii. Najua unanitarajia niwe nimeupitia na kalamu nyekundu, kama nilivyopitia kila kitu chako tangu nasari. Sikuugusa. Ni gereji yako, na penseli ni yako. Nimeweka tu kifutio kidogo humo ndani, kipya, kile cha rangi mbili ulichokuwa ukipenda. Ukifika, kabla hujashusha benchi, ufungue mlango wote, usimame pale katikati ya sakafu tupu na ubao mrefu mkononi, ugeuke mpaka mlango uwe kulia kwako. Kisha uamue.

Na yule wa kwanza akisimama mlangoni akuulize fundi ako wapi, niandikie aliagiza nini.

Ni mimi baba yako, ambaye kwa mara ya kwanza anatia sahihi hivi,

Fundi wa Karurumo